Laki Moja ya Bwana Mita

Kwa miaka ishirini na miwili, mtaa mzima ulikuwa ukiambiwa sentensi ileile na mtu yuleyule, na sentensi yenyewe ilikuwa ya maneno mawili tu: "Mita haidanganyi." Msemaji alikuwa msoma mita za maji, mwanamume mfupi mwenye kitambi kilichokaa juu ya tangi la pikipiki kama mtoto aliyepakatwa. Watu walimwita Bwana Mita. Hata mke wake alimwita hivyo, akiwa na hasira. Akiwa hana hasira alimwita Baba, na siku hizo nazo zilikuwepo, tusimsingizie.

Ukitaka kumjua, msubiri mwisho wa mwezi. Anapiga hodi huku ameshaingia. Anakwenda moja kwa moja kwenye kona ya ua, anafunua kifuniko cha chuma kwa ncha ya bisibisi, anawapa buibui muda wa kuondoka kwa heshima, kisha anasoma namba kwa sauti mara mbili, kama hakimu anayesoma hukumu na kuipenda. Halafu anaandika kwenye kitabu chake chenye karatasi mbilimbili: nyeupe inabaki kitabuni, ya njano unapewa wewe. Ukimwambia mwezi wote ulikuwa safarini na nyumba ilikuwa na kufuli, anakutazama kwa huruma ya daktari.

"Mita haidanganyi, mama."

Anawasha pikipiki, anaondoka.

Aliyembishia kuliko wote ni kinyozi wa pale kona. "Mimi nanyoa vichwa, sioshi malori," kinyozi alimwambia. "Haya maji yote nimeyapeleka wapi?"

"Wewe ndiye ujuaye ulikoyapeleka. Mimi nasoma tu."

"Na kama hiyo mita ni mbovu?"

"Mita haidanganyi."

Mazungumzo hayo walikuwa nayo kwa miaka tisa bila kubadilisha neno. Na bado Bwana Mita alinyolewa hapohapo, wembe wa mtu huyohuyo ukipita shingoni mwake kila Ijumaa. Ama alikuwa jasiri sana, ama hakuwa na habari.

Pikipiki yake aliinunua mpya, ikiwa nyekundu. Sasa ilikuwa na rangi ya tofali lililonyeshewa. Aliifuta kila asubuhi kabla ya kunawa uso wake mwenyewe, na alipokuwa akiifuta alikuwa akiizungumzisha, jambo ambalo mke wake alilijua na kulikalia kimya, maana yeye mwenyewe alikuwa akizungumza na cherehani.

Mke wake alikuwa fundi wa mapazia. Hakuna aliyemwona amekosea dirisha. Wateja walikuja wakimwambia, "Dirisha langu ni la kawaida tu," naye akawajibu kwamba hajawahi kuliona hilo la kawaida, akachukua futi yake akaenda kupima mwenyewe.

Miaka minne iliyopita Bwana Mita alianguka. Kona ilikuwa na maji, tairi la mbele likateleza, mfupa wa bega ukavunjika, na yeye akakaa nyumbani wiki sita. Mke alimlisha, akamwosha, akamfunga kitambaa cha mkono alichokishona kwa mabaki ya pazia la maua. Kubwa kuliko yote, aliisikiliza hadithi ya ajali ile mara arobaini, na kila mara kona ilizidi kuwa kali, mpaka mwishoni ilikuwa inazunguka kama konokono.

Wiki ya saba akamkalisha chini.

"Baba, hii pikipiki utaiacha lini?"

"Nitaiacha tu, mke wangu. Siku moja."

"Siku moja ina sentimita ngapi?"

Bwana Mita akakohoa. Mke akaleta kile kitabu cha karatasi mbilimbili, akamfungulia ukurasa mpya, akamwekea kalamu kwenye mkono mzima. Kwa hiyo aliandika, kwa mwandiko uleule wa kazini: *Usomaji wa leo: 81,200. Usomaji wa mwisho: 100,000.* Akatia sahihi. Nyeupe ikabaki kitabuni. Ya njano mke akaikunja, akaitia kwenye kopo la pete za mapazia, akafunga kifuniko.

Bwana Mita hakujali sana. Kilometa elfu kumi na nane na mia nane. Kwa mwendo wake wa nyumba hadi nyumba, aliona hapo pana umri wa kutosha kuwaona wajukuu wakioa.

Lakini kilometa haziombi ruhusa. Asubuhi moja, kitambaa mkononi, alifuta kioo cha mita ya pikipiki na chini ya mshale akaziona namba tano zimejipanga: 99,410. Akafuta tena, labda ni uchafu. Haukuwa uchafu.

Ofisini nako habari za ile ahadi zilishafika, maana mke wake aliwashonea mapazia ya chumba cha mkutano na hakushona akiwa amefumba mdomo. Mkuu wa kitengo alimwita Bwana Mita, akamwonyesha meza iliyokuwa ikimngojea: meza ya malalamiko. Ilikuwa imeligeuzia dirisha mgongo, na kiti chake kilikuwa na magurudumu matatu badala ya manne. Mtu huyu kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiwapa watu habari mbaya kisha akawasha pikipiki na kwenda zake. Sasa ingebidi awape habari mbaya, halafu abaki.

Akaanza kubana matumizi. Dukani akaenda kwa miguu. Kwa kinyozi akaenda kwa miguu. Kwenye miteremko akazima injini, akaserereka kimya akitazama namba, nazo namba zikaendelea kupanda bila kujali kama injini imelala au iko macho.

Ndipo shemeji yake akaja kutembea.

Shemeji huyu, mdogo wake mkewe, alikuwa dereva wa lori. Tajiri wake alikuwa amefunga GPS kwenye lori, na alimwona popote alipo, mpaka akisimama kununua karanga. Ili asionewe, shemeji naye alijiwekea programu kwenye simu, inayosoma mwendo kwa setilaiti, na kila jioni akawa anamtumia tajiri ushahidi wake. Aliipenda programu ile kama mtu aliyepata wakili wa bure.

Jioni hiyo alipanda nyuma ya pikipiki ya Bwana Mita, wakashika barabara iliyonyooka kupita kiwanda cha mbao.

"Shemeji, ongeza kidogo," alisema kutoka nyuma. "Kuna bibi na mkokoteni anatukaribia."

"Tuko sitini hapa."

"Sitini ya wapi? Simu inasema hamsini na nne."

"Hiyo simu ina usingizi."

"Haya, nenda arobaini, tuone."

Bwana Mita akashusha mshale hadi arobaini. Simu ikasema thelathini na sita. Akapandisha hadi sabini, kitambi kikalala juu ya tangi ili kupunguza upepo. Simu ikasema sitini na tatu.

Shemeji alicheka mpaka pikipiki ikayumba. "Miaka yote hii unatuambia wewe ni mtu wa sabini. Kumbe shemeji yangu wewe ni wa sitini na tatu, tena kwa kuteremka."

Mwanamume mwingine angenuna. Bwana Mita alisimamisha pikipiki kando ya barabara, akatoa kitabu mfukoni, akaandika, akagawanya, akazidisha, na uso wake ukaanza kung'aa kama bomba jipya.

"Kila kumi ni tisa," alisema.

"Ndiyo nakwambia. Mshale unakudanganya."

"Unanidanganya kwa miaka yote. Kila kumi ni tisa. Kwa hiyo laki moja ni ngapi?"

"Shemeji, mimi nimepanda ili tupunge upepo."

"Ni elfu tisini. Nina kilometa elfu kumi ambazo sijaziendesha. Miaka miwili mizima, shemeji. Ilikuwa imefichwa humu ndani." Akakipapasa kioo cha mshale kwa kidole, kama mtu anayempongeza mwizi.

Shemeji aliacha kucheka. "Dada yangu namjua tangu nikiwa mdogo. Usimpelekee hesabu."

"Hesabu ndiyo kazi yangu."

"Ndiyo maana nakuhurumia."

Walimkuta mke sebuleni, amepiga magoti juu ya pazia la mita sita, pini nne mdomoni. Bwana Mita aliona nafasi ambayo waume wengi huingoja bila kuipata: mke asiyeweza kujibu. Akaeleza yote. Setilaiti ziko juu na hazina upendeleo. Shemeji ni shahidi. Mshale unazidisha, kila kumi ni tisa, na kwa hiyo ahadi ya laki moja bado ina elfu kumi ndani yake.

"Kwa kifupi," alimalizia, "mita inadanganya."

Mke alitoa pini ya kwanza, akaichomeka kwenye kitambaa. Ya pili. Ya tatu. Ya nne.

"Rudia hilo la mwisho."

"Lipi?"

"Hilo fupi. Taratibu. Nataka nilikariri nikamsomee kinyozi."

Shemeji aligundua kwamba dari lile lilikuwa na mambo mengi ya kutazama.

"Sikiliza," mke akaendelea, naye hakupandisha sauti hata kidogo. "Umepima mwendo. Safari umeipima?"

"Si ni mita hiyohiyo?"

"Cherehani yangu nikiikimbiza inapiga kelele, nikiipeleka polepole inaimba. Lakini pazia la mita sita likitoka ni mita sita. Mimi sikukuuliza kelele. Mimi nauliza kitambaa."

Bwana Mita akamgeukia shemeji kutafuta msaada. Shemeji, kwa masikitiko ya mtu aliyelishwa chakula cha jioni na pande zote mbili, alikiri kwamba kwa jinsi anavyojua yeye, mshale unavutwa na sumaku na springi, na namba zinasukumwa na vyuma vya meno. "Wanakaa ndani ya kioo kimoja, shemeji, lakini kila mmoja ana kazi yake. Mshale unaweza kuwa muongo na namba zikawa sawa. Au zote ziwe mbovu. Mpaka zipimwe."

"Basi zipimwe," mke akasema. "Niwekee na mimi hiyo programu. Jumamosi asubuhi. Kumi kwenda, kumi kurudi."

"Lakini mimi Jumamosi niko safarini na lori," shemeji alisema. "Nani atashika simu?"

"Nitaishika mimi."

Hapo Bwana Mita na shemeji wakatazamana. Tangu siku ya bega, mke hakuwa amekaa kwenye pikipiki ile. Hata kuipisha mlangoni aliipisha kwa kuizunguka, kama mbwa wa jirani.

Habari haikungoja Jumamosi. Shemeji alipita kwa kinyozi kabla ya safari, na Ijumaa Bwana Mita alipokaa kitini na kufungwa shuka shingoni, kinyozi aliunoa wembe taratibu kuliko kawaida.

"Nasikia siku hizi kuna mita zinazodanganya," alisema.

"Za pikipiki. Za maji ni kitu kingine."

"Kitu kingine kabisa. Maji hayana sumaku."

"Nyoa."

"Nanyoa, Bwana Mita. Tega shingo."

Jumamosi mke alitoka amejifunga kitambaa kichwani mara mbili, amevaa koti zito ambalo hata msimu wa baridi hulivaa kwa kusitasita, na futi yake ya kushonea ikiwa mfukoni. Futi ilikuwa ya nini kwa safari ya kilometa ishirini, hakuna aliyeuliza. Alipanda, akashika simu kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akashika mkanda wa mumewe, akaukaza mpaka kitambi kikalalamika.

Walianzia kwenye geti lao. Namba zilikuwa 99,640, na ile namba nyekundu ya pembeni, inayohesabu mita mia mia, ilikuwa sifuri. Bwana Mita alikuwa ameisogeza pikipiki mbele na nyuma robo saa nzima ili iwe sifuri.

"Tunakwenda ngapi?" mke akauliza walipofika barabara kubwa.

"Hamsini."

"Arobaini na tano."

"Si nilikwambia?"

"Sikubisha. Endesha."

Baada ya soko walifika kwenye kona. Bwana Mita alipunguza mwendo bila kujijua. Mkono kwenye mkanda nao ukakaza.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

Mke aliitazama mwanzo hadi mwisho, huku wakiipita na bajaji mbili zikiwapita wao. "Mbona ni pana."

Bwana Mita alikuwa na maelezo, ila yalihitaji mvua.

Waligeuzia kwenye kituo cha mafuta, wakarudi. Njiani mke aliona nyumba yenye mapazia yake ya miaka sita iliyopita, akamwambia apite taratibu ayaone kama yamepauka. Kisha akataka kuona na ile nyumba nyingine. Mpaka wanakaribia nyumbani, mkono wa kushoto ulikuwa umelegea, umelala tu pale kiunoni kama kitu kilichosahauliwa, na Bwana Mita akawa mwangalifu asikohoe wala kujinyoosha, usije ukakumbuka kuondoka.

Getini alizima injini, akaangalia. 99,660 na sifuri nyekundu. Ishirini kamili.

"Hiyo ni pikipiki," alisema. "Simu?" Alikuwa amejiandaa kusikia kumi na nane.

"Ishirini nukta moja."

"Itikise."

"Simu haitikiswi, si chupa ya dawa. Ishirini nukta moja."

Mke alikuwa wa kwanza kuiona hesabu, kama kawaida yake.

"Kwa hiyo haizidishi," alisema polepole. "Inapunguza."

"Mita mia tu. Hizo si kitu."

"Mita mia kwa kila kilometa ishirini. Kwenye laki nzima ni kilometa mia tano." Akaisogelea pikipiki, akainama juu ya kioo akisoma kwa sauti mara mbili, sauti ya hakimu, neno kwa neno. "Elfu tisini na tisa, mia sita na sitini. Ongeza mia tano. Laki ulishaivuka, Bwana Mita. Uliivuka hata kabla hatujatoka asubuhi. Umenipakia kwenye pikipiki uliyokwisha kuiacha."

Bwana Mita alikaa kwenye ngazi ya mlango. Alikuwa ametoka akitafuta kilometa elfu kumi, na amerudi akiwa na upungufu wa mia moja na sitini. Alivua kofia ngumu, akaipakata. Hakuwa na mzaha usoni, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, mke wake naye hakuwa nao.

Mke akakaa pembeni yake. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa ile karatasi ya njano, imekunjika na kunuka kutu ya pete. Akaifungua juu ya goti.

"Hapa umeandika nini?"

"Usomaji wa mwisho, laki moja."

"Usomaji wa nini? Wa setilaiti?"

Bwana Mita aliinua macho.

"Wa mita," alisema.

"Basi mimi na wewe tulipatana kwa mita, na mita haidanganyi. Unabakiwa na mia tatu na arobaini." Akaikunja karatasi. "Ila nazipanga mimi. Na nyuma nakaa mimi."

Kazini Bwana Mita akamaliza mwezi wake kwa miguu, watu wakidhani amepewa adhabu. Kilometa zilitumika Jumamosi. Walipeleka mapazia ya hospitali ndogo ng'ambo ya mto, mzigo umefungwa katikati yao kama abiria wa tatu. Wakaenda kwa dada mkubwa wa mke, ambaye hakuonekana miaka miwili kwa kisingizio cha usafiri, na ambaye alipoona nani kamleta nani alikaa chini kwanza. Siku moja hawakwenda kokote. Walizunguka tu kiwanda cha mbao mara mbili, na mke akasema anaangalia upepo.

Jumamosi ya tano, zimebaki mita mia nne kufika nyumbani, Bwana Mita alizima injini, akashuka, akaanza kuikokota. Mke alishuka naye, akatembea pembeni, mfuko wa mabaki ya kitambaa begani.

"Hata ukiikokota inahesabu," alimwambia.

"Najua. Mimi ndiye ninayeisoma."

"Basi kwa nini unaikokota?"

"Ili ichelewe."

Mke hakumcheka. Alipunguza hatua, akatembea mwendo wa mtu anayekokota pikipiki. Walipofika getini tisa zote zilijikunja pamoja, zikaja sifuri tano, na ya sita ile nyekundu.

"Imekuwa mpya," Bwana Mita akasema.

"Hongera yake." Akanyoosha mkono.

Aliandika kwanza. *Usomaji wa mwisho: 100,000. Umesomwa.* Akachana ya njano, akampa pamoja na ufunguo. Vyote vikaingia kwenye kopo la pete. Pikipiki ilisukumwa barazani, ikafunikwa pazia la maua lililokatwa kwa kipimo chake, na nafasi ya vioo viwili ikaachwa. Ndipo watu wakaelewa futi ile ilikuwa ya nini.

Jumatatu alikaa kwenye kiti cha magurudumu matatu. Kabla hajajifunza kukaa bila kuinama kushoto, mlango ulifunguliwa, na wa kwanza kwenye foleni akawa kinyozi, aliyefunga duka makusudi na kupaka mafuta kichwani kwa heshima ya siku ile.

"Nimekuja na lalamiko," alisema, kwa sauti ya kutosha foleni nzima. "Mita yangu inadanganya."

Bwana Mita alifungua kinywa. Yale maneno mawili yalikuja mpaka kwenye meno. Foleni ikangoja. Kiti kikaserereka kidogo, akakishika.

"Umeipima?" aliuliza.

Kinyozi hakuwa amejiandaa kwa hilo. "Nipime na nini?"

"Ndoo ya lita ishirini. Funga mabomba mengine yote. Soma mita, jaza ndoo mara kumi, soma tena. Zikitoka zaidi ya lita mia mbili, uje na namba, tunaibadilisha."

"Na zikitoka pungufu? Ikionekana miaka yote ilikuwa inanipunguzia?"

Bwana Mita alitazama kulia na kushoto, akajisogeza mbele na kile kiti chake, akashusha sauti.

"Basi, kaka, hakikisha siku hiyo mke wako hayupo."